Vumbi la Kiangazi na Pumzi ya Mwenzetu



Hapa Likasi hatuhitaji kalenda ili kujua kwamba Agosti imefika. Mvua imekoma tangu miezi mingi, majani ya miembe yamegeuka rangi ya udongo, na jioni jua linatua jekundu nyuma ya moshi wa pori linaloteketezwa. Malori ya shaba na kobalti yanapita Barabara ya Taifa namba 1 usiku na mchana, na kila moja linaacha wingu lake.

Mwaka jana, katika kikundi chetu, msichana mmoja mwenye pumu aliomba maandamano yetu yasipite barabara hiyo. Baadhi walimjibu kwamba anayemfuata Kristo haogopi vumbi, na kwamba uchungu kidogo ni sehemu ya toba. Sikukubaliana nao, na hata leo sikubaliani. Toba ni mzigo ninaojitwika mwenyewe kwa hiari. Nikimtwika mwenzangu mzigo huo, tena katika mapafu yake, sijui niuite jina gani, lakini toba siyo.

Chembe zinazodhuru zaidi hazionekani kwa macho. Zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, yapata sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele, hupita pua na koo na kufika ndani kabisa ya mapafu. Nyingine huingia hata katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa siku. Kitambaa tunachojifunga puani huzuia vumbi kubwa tu. Barakoa nene inayobana vizuri usoni hufaa zaidi, ila ni wangapi kati yetu wanaoipata?

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalitambui. Usiku wa kiangazi katika nyanda zetu za juu ni wa baridi, na hewa baridi hulala chini kama maji katika beseni, ikishikilia moshi wa makala na wa takataka zinazochomwa uani. Kwa hiyo alfajiri, saa ileile tunayoipenda kwa kukimbia, hewa yaweza kuwa mbaya kuliko saa nne, jua likiisha kuipasha joto na kuinua moshi. Naye anayekimbia huvuta hewa mara nyingi kuliko aliyeketi. Kandokando ya barabara, lakini, hakuna saa njema.

Papa Fransisko, aliyekatwa sehemu ya pafu akiwa kijana, alitaja moshi na hewa chafu mwanzoni mwa sura ya kwanza ya waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, na mara moja akawataja maskini kuwa ndio wanaoumia zaidi. Nikisoma hapo, nawafikiria mama zetu wanaouza mihogo na ndizi ukingoni mwa barabara. Sisi tunaweza kuchagua njia na saa. Wao watakaa palepale hadi giza, mtoto mgongoni, kwa kuwa malori yanaposimama ndipo wateja wanaposhuka. Sina jibu kwa ajili yao. Angalau tusichome takataka za parokia, na tumwagie uwanja maji kabla ya kufagia.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji huanza tarehe 1 Septemba na kwisha tarehe 4 Oktoba, yaani katikati ya vumbi hasa. Maandamano yetu ya mwaka huu yataondoka saa nne asubuhi, kwa njia ya ndani. Moshi ukiwa mzito siku hiyo, tutasali kanisani. Mwenye pumu aweke dawa yake mfukoni mwake, si katika mkoba unaobaki sakristia. Na yaya wa kila kundi ajue ni nani anayo. Anayeanza kukoroma kifuani aketishwe kivulini mara moja, apewe dawa yake, na kama hapati nafuu apelekwe hospitali bila kungoja baraka ya mwisho.