Fundi Aliyeacha Kungoja Diski Ife

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafundi wengi wa kompyuta wa Kariakoo, Dar es Salaam, walipima afya ya diski ngumu kwa sikio. Iliyogonga tak-tak-tak ilihesabiwa imekufa. Iliyozunguka kimya ilirudishwa kazini. Fundi anayesimuliwa hapa alilelewa katika utaratibu huo.

Kipimo kingine kilikuwapo. Mwaka 1992 IBM ilianza kuweka katika baadhi ya diski zake uwezo wa kutabiri hitilafu. Compaq nayo ikaja na mfumo wake, na kabla ya muongo huo kwisha watengenezaji walikuwa na utaratibu wa pamoja, SMART. Diski ikawa na daftari lake yenyewe: saa ilizowashwa, joto lake, sekta zilizoharibika. Lakini kompyuta ilipowashwa ilitoa hukumu moja tu, nzima au mbovu, na ubovu ulitangazwa pale tu thamani iliposhuka hadi kikomo alichokipanga mtengenezaji. Huyo ndiye pia anayebeba gharama za waranti, jambo ambalo fundi hakulisahau.

Daftari zima alilisoma kupitia smartmontools, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Bruce Allen. Namba za daftari hilo zinahitaji mwalimu. Diski za Seagate, kwa mfano, huonyesha mamilioni kwenye mstari wa makosa ya kusoma, kwa sababu tarakimu hiyo huchanganya hesabu ya usomaji na hesabu ya makosa. Diski isiyo na ugonjwa wowote inaweza kuonekana mahututi. Mstari wa 199 nao huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kompyuta. Mara nyingi mwenye kosa ni waya. Hesabu hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo fundi hubadilisha waya kisha huangalia kama imesimama. Ikisimama, diski haina safari ya kurudi dukani.

Mistari anayoiheshimu ni michache: 5, 197 na 198. Diski huwa na sekta za akiba. Sekta mbovu ikistaafishwa na nyingine kushika nafasi yake, mstari wa 5 hupanda. Mstari wa 197 huhesabu sekta zilizoshindwa kusomeka na ambazo bado hazijaamuliwa, na 198 zile ambazo ukaguzi wa diski yenyewe umeshindwa kuzisoma. Hapo fundi hunakili kwanza kila kinachonakilika, huandika juu ya diski nzima, kisha huipima upya. Kama 197 imeshuka hadi sifuri na 5 haijasogea, diski inaweza kuendelea chini ya uangalizi. Kama 5 imepanda, anatafuta risiti.

Utafiti wa Google uliotolewa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulimpa nguvu. Diski iliyopata kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Utafiti huo huo ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa za SMART. Namba zikipanda ni za kuaminiwa. Zikitulia, bado nakala ya pili inahitajika.

Mwenye studio ya picha za harusi aliwahi kumbishia. "Fundi, mbona yenyewe inasema iko sawa?"

"Kaka, usitazame hilo neno. Wiki iliyopita sekta zilikuwa nane, leo arobaini. Irudishe ingali inasomeka."

Ndani ya jibu hilo kuna hoja ambayo wateja wengi huikosa. Waranti hurudisha diski, hairudishi picha. Tena diski iliyokufa kabisa haifutiki kwa njia ya kawaida, na picha za familia za watu husafiri nayo hadi mikononi mwa wageni. Anayewahi huokoa kazi yake, huifuta diski, kisha huikabidhi.

Muda wa waranti nao haukutulia. Mwaka 2002 Seagate, Maxtor na Western Digital walishusha waranti ya diski nyingi za kompyuta za mezani kutoka miaka 3 hadi 1. Mwaka 2004 Seagate ikatoa miaka 5; baada ya mafuriko ya Thailand ya 2011, waranti zikafupishwa tena. Kwa diski zilizoingizwa kupitia Dubai, mara nyingi dhamana inayomfaa mteja ni ile ya muuzaji, na diski iliyong'olewa kwenye kompyuta ya kampuni kubwa kwa kawaida huwa chini ya waranti ya kompyuta hiyo.

Mapema 2025, wanunuzi Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimefutwa kwenye SMART. Kumbukumbu nyingine ya ndani, FARM, ilikuwa bado na saa halisi. Kwa hiyo diski ya Seagate ikiletwa kwake siku ya kununuliwa, fundi husoma madaftari yote mawili kabla ya kunakili faili hata moja. Saa zisipolingana, humtuma mteja arudi dukani jioni ileile, risiti mkononi.