Masisi/Kingi: Niliitamani injini ya kifaru

Kwa kawaida ninawaletea habari za usalama, barabara na bei ya maharagi. Leo naomba ruhusa niseme habari yangu mwenyewe, kwa sababu nilikaribia kufanya kosa ambalo lingeua mtoto wa ndugu yangu.

Tuliporudi Kingi kutoka kambini, tulikuta mashine ya kusaga imekufa. Injini yake ilikuwa imefunguliwa na vitu vya ndani vimeondolewa. Tangu siku hiyo wamama wanabeba mahindi na mihogo mgongoni mpaka kijiji kingine, wanapanga mstari, wanarudi jioni. Ninyi mnaoijua barabara ya Sake kuelekea Kitshanga mnaelewa hiyo safari ni ya namna gani wakati wa mvua.

Asubuhi moja mtoto wa ndugu yangu, mwenye miaka 14, aliingia uani na chuma begani. Akaitupa chini. «Papa mdogo, iko nzito sana! Kule bondeni ziko nyingi.» Niliitambua mara moja. Ilikuwa kipande cha mnyororo wa kifaru, ule ambao gari linatembea juu yake pahali pa matairi. Akaniambia gari lenyewe limelala kule, limeinama upande mmoja, na injini bado imo. Pahali penyewe sitapataja, ili watoto wengine wasipafuate.

Kabla sijaanza kazi hii ya kuandika habari nilikuwa msaidizi wa fundi katika garaji. Kwa hiyo nilipolisikia neno «injini», sikufikiria vita. Nilifikiria mashine ya kusaga. Usiku huo nilipiga hesabu: vijana watano, kamba, mti wa kuinulia, na yale mazutu kidogo tuliyonayo. Niliona kabisa wamama wakisaga hapa hapa Kingi.

Baba yangu mkubwa angekuwa hai, angenicheka. Yeye aliendesha katapila ya kutengeneza barabara za Masisi zamani za Mobutu. Ile nayo ilitembea kwa minyororo ya chuma. Alinifundisha kwamba mnyororo ni vipande vingi vilivyoshikwa na pini, na kila pini inakulika upande mmoja. Ikikulika, unaigeuza nusu mzunguko ili upande mwingine nao ufanye kazi. Ukichelewa, mnyororo unalegea, unakula meno ya gurudumu linaloukokota, kisha unatoka kabisa, na mashine inakaa chini kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Katapila yake ilikufa kwa kukosa rola moja tu. Waliingojea hiyo rola miezi, ikageuka miaka. Mwisho mbuzi walilala chini yake wakati wa mvua. Alizoea kusema: «Mashine si ile unayoiona. Mashine ni piesi zake.»

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani, lakini tamaa ilikuwa na nguvu zaidi. Kesho yake nilichukua funguo zangu za fundi nikamwambia mtoto anionyeshe njia.

Tulifika. Mtoto, kwa sababu alishazoea, aliruka juu ya gari kabla sijasema neno. Mimi nilizunguka nyuma kutafuta mfuniko wa injini. Nilipoinama nikaona, katika matope karibu na mnyororo, kitu cha mviringo chenye kutu, urefu wa mkono wangu. Nikaangalia mbele kidogo, kimoja kingine. Mtoto alikuwa amepita katikati yake mara ngapi? Nilimwambia kwa sauti ya polepole: «Simama hapo. Usiruke. Shuka mahali ulipopandia, weka miguu palepale ulipokanyaga.» Akashuka. Tulirudi nyayo kwa nyayo, bila kusemezana, mpaka barabarani. Hapo ndipo miguu yangu ilianza kutetemeka. Nilikaa kwenye jiwe mbele ya mtoto na sikuona haya.

Baadaye, nikiwa nimetulia, nilikumbuka historia ya jirani zetu wa Tanzania, ambayo niliisoma zamani. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Ikaamua kulima karanga katika Tanganyika, kwenye mamilioni ya eka, kuanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya yalikuwa haba. Wakanunua katapila zilizotumiwa na jeshi la Marekani na kuachwa huko Filipino. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs nacho kikachukua vifaru vya Sherman, kikavigeuza kuwa matrekta. Waliviita Shervick, jina la Sherman na la Vickers pamoja.

Wazo hilo si la wajinga. Chuma ya kuua watu igeuke chuma ya kulima: nani angekataa? Lakini katapila zile zilifika zimechoka, na piesi zake hazikufuata. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo. Waendeshaji walifundishwa haraka haraka. Udongo wa Kongwa wakati wa jua unakuwa mgumu kama tofali, na mchanga wake ulikula vyuma. Miezi michache baada ya kuanza, sehemu kubwa ya mashine zilikuwa zimelala garajini. Mwaka wa kwanza walitaka kusafisha eka 150,000; mwisho wa 1947 walikuwa wamepata karibu 7,500. Mwaka 1951 serikali iliufunga mradi, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, kama mvua kidogo na haraka ya wakubwa. Lakini ile ya piesi ndiyo iliyonigusa. Kama serikali yenye viwanda na meli ilishindwa, mimi wa Kingi, mwenye funguo sita, ningepata wapi pampu ya injini ya kifaru? Katika Birere, kule Goma, utapata piesi za pikipiki, za Toyota, za injini ndogo za kusaga. Muulize muuzaji piesi ya kifaru, utaona atakavyokuangalia.

Na kuna jambo lingine, vijana wangu. Gari la jeshi halina mwenyewe kijijini, lakini lina wenyewe. Likiachwa njiani halikuwa mali yako. Kwetu hapa, ambapo wenye silaha wanabadilika, mtu akikutwa na chuma ya jeshi uani mwake anaweza kuulizwa maswali mabaya na upande wowote. Utajibu nini? Kwamba ulitaka kusaga mahindi?

Ninajua kwa nini mnaenda kule. Kilo ya chuma chakavu inanunuliwa, na mhunzi anahitaji chuma nzuri kwa majembe na mapanga. Njaa haingoji. Mimi niliye mtu mzima, mwandishi wa habari, niliyewahi kusoma matangazo ya kuwaonya watoto juu ya mabomu, nilienda mwenyewe na nikampeleka mtoto. Kwa hiyo siwahukumu. Ninasema tu: tamaa mbele, mauti nyuma, na mauti ile nimeiona ina urefu wa mkono.

Tulichofanya ni hiki. Nilimweleza chifu wa kijiji pahali penyewe. Yeye aliagiza njia ya kuteremka ifungwe kwa matawi na mawe, na habari ipelekwe kwa wale wanaoondoa mabomu. Bado hawajafika. Ukiona kitu kama hicho shambani, usikiguse, usikirushie jiwe, usichome nyasi karibu nacho. Rudi kwa njia uliyoijia, weka alama kwa mbali, umwambie mkubwa. Ninyi mtakaorudi kutoka mbali, waulizeni kwanza waliotangulia ni mashamba gani wameingia, kabla hamjapiga jembe.

Juu ya mashine ya kusaga, wamama walinipa somo. Mmoja aliniuliza: «Papa, ulitaka kuleta injini ya tani ngapi, na yetu imekosa nini?» Tukaifungua pamoja na fundi. Inakosa pistoni, ringi zake na pampu ya mazutu. Vyote vinapatikana Birere. Kila nyumba inachanga kidogo, wengine pesa, wengine maharagi. Hatujafika hata nusu, lakini orodha ya piesi iko mkononi, na kila moja ina bei.

Kile kipande cha mnyororo nilikipeleka kwa chifu. Mtoto aliniomba akibebe yeye mwenyewe. Nilikataa.