Fedha Tulizonazo na Njaa ya Binti Yetu

Binti yetu alipokubaliwa na chuo kikuu kimoja cha Ujerumani mwaka 2025, hapa nyumbani Mombasa tulikwisha kugawa mahamri kwa majirani kabla hatujaisoma sawasawa orodha ya masharti ya viza. Humo tulikuta kwamba lazima euro 11,904 ziwekwe kwanza katika akaunti maalumu ya kufungiwa, kwa jina lake. Ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Fedha ni zake, lakini hawezi kuzitoa apendavyo: hufunguliwa euro 992 kila mwezi, baada ya yeye kufika na kupata akaunti ya kawaida ya kuzipokelea. Tuliuza kiwanja cha Mtwapa. Nyanya yake akavua bangili zake mbili za dhahabu bila ya kuombwa.

Tulidhani lililo gumu limekwisha. Kumbe benki aliyoiendea ilitaka hati ya usajili wa makaazi. Ofisi ya usajili ikataka barua ya mwenye nyumba. Na kila mwenye nyumba alitaka kodi ipitie benki, si mkononi. Alikuwa na euro 300 tulizompa za njiani, na hosteli ya wasafiri ilizila kwa siku chache.

Kila usiku tulimpigia simu.

“Umekula, mwanangu?”

“Nimekula, Mama, alhamdulillahi.”

Nyanya yake ndiye aliyemgundua. Wiki ya tatu alimtazama kwenye simu ya picha, akasema, “Uso huo haujashiba.” Hapo binti akalia. Alikuwa akiishi kwa mkate na zile tende tulizomfungia ziwe akiba ya Ramadhani. Hakutaka kutuambia, kwa sababu aliziona bangili zikivuliwa.

Wazazi wenzetu watatusamehe kwa kuyaanika ya ndani. Usiku ule hatukulala, na tulijilaumu zaidi ya tulivyoilaumu benki, maana sisi ndio tuliomwambia kila siku jinsi fedha zile zilivyopatikana kwa taabu.

Baada ya sala ya Ijumaa, mama mmoja wa Kisudani alimkaribisha katika chumba cha nyumba yake, kwa idhini ya mwenye nyumba, na barua ikapatikana. Akaunti ikafunguliwa. Baadaye tukafahamu kwamba tangu 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila aliyeko nchini kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata asiye na makaazi maalumu. Mtumishi wa dirishani hakumtajia hilo, wala sisi hatukujua la kuuliza.

Katika mkataba wa akaunti mlikuwa na ruhusa ya kutoa zaidi ya fedha alizonazo, kisha kulipa kwa riba. Aliandika barua iondolewe, ikaondolewa bila ya maneno. Hilo lilitufurahisha kuliko akaunti yenyewe.

Sasa mpwa wetu anajitayarisha kwenda huko huko. Tumemwambia aombe chumba cha chuo mapema, achukue mkononi euro za kumtosha miezi miwili, na aitaje ile akaunti ya msingi kwa jina lake. Nyanya naye amemwahidisha kwamba atapiga simu ya picha, si ya sauti tu, na akiwa na njaa atasema.