Zilikuwa Zinakufa Kipande Kipande

Nilifika Kampala kutoka Bukoba mwaka 2006, kwa basi la Mutukula, na begi moja na bisibisi za baba mdogo. Kilikuwa kipindi cha mgao. Ziwa lilikuwa limeshuka, mitambo ya Jinja haipati maji ya kutosha, na umeme pale Wandegeya ulikuja kwa zamu. Jenereta za madukani zilinguruma hadi ukitaka kuagiza rolex (mayai ndani ya chapati, si saa) unapiga kelele.

Fundi aliyenipokea tulimwita Mzee tu. Kiswahili chake alikitoa Nairobi, na somo lake la kwanza halikuhitaji umeme. Alinipa laptopu ya mteja akaniambia: shika pembe moja ya mbele kwa vidole vitatu, uinue. Ikilia, ni plastiki tupu. Ikinyamaza, ina mfupa.

Zilizonyamaza zilikuwa ThinkPad za IBM, mitumba kutoka maofisi ya Ulaya: nyeusi, nzito, pembe kama tofali. Betri ilikuwa inachomoka kwa kidole, kwa hiyo wakati wa mgao mwenye betri mbili alikuwa tajiri. Kibodi ikifa, unafungua skrubu chache na kuibadilisha mteja akisubiri. Ramu ina mlango wake chini, diski inatoka ubavuni. Mashine zile zilikuwa zinakufa kipande kipande, nasi tuliishi kwa vile vipande.

Nisizisifu kupita kiasi, maana ganda lilikuwa gumu lakini moyo ulikuwa wa yai. Diski ya kuzunguka haikupatana na boda boda. Mwanafunzi anaacha mashine ikiwaka ndani ya begi, boda inaruka mashimo hadi Nakawa, akifika anasikia tik, tik, tik. T41 ya 2003 ilikuwa na kihisi cha kuinusuru diski mashine inapoyumba. Wazo zuri, ila waliolibuni hawakuwa wamepanda boda ya Kampala. Tulizika diski nyingi.

Halafu likaja janga la chipu za picha. Skrini inachora mistari, kisha giza. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulikuwa umepiga marufuku madini ya risasi katika vifaa vipya vya elektroniki, kwa hiyo pale kibandani lawama zote tuliitupia lehemu mpya isiyo na risasi. Tulipuliza chipu kwa bomba la hewa moto, picha ikarudi, mteja akatushukuru, na baada ya wiki chache akarudi bila shukrani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mara nyingi ufa ulikuwa ndani ya chipu yenyewe. Moto wetu ulikuwa unauziba kwa muda tu. Kiwaani, yaani ulaghai, wangesema wenyeji, ingawa tuliufanya kwa moyo safi.

Bajeti ya Uganda ya 2009 ilipotangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, wateja wengi waligeukia mpya za bei ya chini. Hizo zililia hata bila kuinuliwa. Bawaba ya chuma ilifungwa kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa ndani ya plastiki. Fungua na funga mwaka mmoja, nati zinang'oka na ganda lake. Tulizirudisha kwa gundi kali na unga wa magadi, ule wa mandazi, ukaganda kama jiwe. Baadhi ya bawaba zile zimedumu kuliko kompyuta zenyewe.

Wembamba ulinikuta nikiwa na meza yangu mwenyewe. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ambayo ramu yake imelehemiwa na betri imebandikwa kwa gundi, na wengine wakafuata. Hata ThinkPad: T480 ya 2018 ilikuwa bado na betri ya nje, T490 ya mwaka uliofuata haina. Mashine hizi mpya ukiziinua kwa pembe hazilii, na boda haziziui, maana ndani hakuna kinachozunguka. Kwa mtihani wa Mzee zimefaulu.

Juzi binti wa Makerere aliniletea moja ya alumini, nyembamba kama sahani, imemwagikiwa chai ya maziwa.

"Ssebo, badilisha tu kipande kilichoharibika."

Nikamfungulia aone. Ramu, diski, kila kitu kwenye ubao mmoja, na tasnifu yake humo humo, bila nakala nyingine.

Niliusugua ubao kwa spiriti na mswaki, nikauacha ukauke usiku kucha. Asubuhi ukawaka. Dakika kumi na moja. Tulianza na tasnifu. Picha za harusi ya dada yake zilifika nusu.