Nani Anamtafuta Aliyepimwa?

Hapa Dublin, barua ya kuniita kupima saratani ya mlango wa kizazi huja yenyewe. Mpango wa taifa, CervicalCheck, una orodha ya wanawake wa miaka 25 hadi 65, nami nimo. Ni rahisi kudhani Serikali ya Ireland ina huruma kuliko yetu ya Tanzania. Siamini hivyo, na sababu ni Vicky Phelan.

Mama huyu wa Limerick alipimwa mwaka 2011, akaambiwa yuko salama. Mwaka 2014 akakutwa na saratani. Mwaka huohuo mapitio ya ndani yakaonyesha kwamba kipimo chake kilisomwa vibaya, lakini yeye hakuambiwa hadi 2017. Akaenda mahakamani. Aprili 2018 maabara ya Marekani iliyosoma kipimo ilikubali kumlipa yuro milioni 2.5, naye akakataa katakata kufungwa mdomo. Kwa kuwa alisema, wanawake wengine zaidi ya 200 wakajulikana, wengi wao nao hawakuwa wameambiwa. Mkuu wa huduma za afya akajiuzulu. Dkt. Gabriel Scally akachunguza, na Oktoba 2019 Waziri Mkuu Leo Varadkar akaomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Phelan alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 48.

Huruma haikuwepo hapo. Mpango na madaktari walikuwa wakisukumiana jukumu la kuwaambia wagonjwa. Kilichowabana ni kumbukumbu: jina, tarehe, sampuli, maabara iliyosoma. Mwanamke aliyeandikwa anaweza kudai.

Nyumbani Tanzania kipimo chenyewe nakisifu. Nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anaangalia kama pamegeuka weupe, majibu yanatoka hapohapo, na penye mashine mabadiliko ya awali hutibiwa siku hiyo. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, kwa mabinti nayo ipo tangu 2018. Lakini huduma ya kupima mara nyingi hutujia kwa msimu. Spika zinatangaza bure, akina mama wanajipanga, mgeni rasmi anahutubia, jioni mahema yanakunjwa.

Mdogo wangu alipimwa kwenye kambi ya namna hiyo, akakutwa na dalili, akapewa karatasi ya rufaa. Alikwenda kwa nauli yake na ujasiri wake. Hakuna aliyempigia kuuliza kama alifika. Angeikunja karatasi ile akaiweka kabatini, kama wanavyofanya wengi wenye hofu, hakuna ofisi ambayo ingegundua kwamba mtu amepotea. Wanawake wengi hufika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa umeshasambaa, na hatujui ni wangapi kati yao waliwahi kushika karatasi kama ile.

Ndiyo maana hesabu ya waliopimwa, ile inayosomwa siku ya kufunga kambi, hainitoshi hata kidogo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuuliza zaidi. Sisi tuliobadili pasi tumeipoteza, kwa hiyo nawaomba ninyi mlioko nyumbani. Mwandikieni mganga mkuu wa wilaya: kati ya waliopimwa mwaka jana, wangapi walipewa rufaa, wangapi walifika, na nani aliwatafuta ambao hawakufika? Akikosa jibu, mpeni diwani wenu swali hilohilo, alipeleke kwenye baraza kabla bajeti ya afya haijapitishwa.