Mvua ya Mawe Bukavu

Mgeni anayefika Bukavu kwa mashua kutoka Goma huuona mji kwanza kwa upande wake mzuri. Rasi zake tano zimeingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na nyumba za Ibanda zasimama juu ya vidole hivyo, zikijitazama katika maji. Lakini Bukavu ina mgongo pia. Ukilipa ziwa kisogo na kupanda kuelekea Kadutu, utaona vilima vimejaa nyumba juu ya nyumba, hata mlango wa mtu mmoja unatazama bati la jirani yake aliye chini. Mji huu, ulioitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950, ulipangwa kwa watu wachache. Sasa wanakaa humo mamia ya maelfu, na wengi wamejenga mahali ambapo zamani palikuwa na nyasi na miti tu.

Mimi nafundisha katika shule moja ya huko juu. Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia habari za alasiri moja ya mwezi wa Oktoba, kwa sababu siku ile nilikosa, na kosa langu laweza kuwafaa wengine.

Tangu asubuhi jua lilikuwa kali, wala hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Saa nane wingu likainuka nyuma ya vilima, jeusi chini, jeupe juu kama pamba. Darasani nilikuwa na watoto 52 wa zamu ya alasiri. Mara tukasikia mlio mmoja juu ya bati, kama kwamba mtoto mtundu ametupa jiwe. Nikatoka nimkemee, sikuona mtu. Punje nyeupe, kubwa kama harage, ikaruka miguuni pangu. Ya pili ikafuata, ya tatu, kisha mbingu yote ikamwagika.

Kelele juu ya mabati zilikuwa kubwa hata sauti yangu haikufika dawati la kwanza. Nikaandika ubaoni: «Ingieni chini ya madawati.» Wadogo wakalia. Punje zikazidi, nyingine zikawa kama yai la njiwa. Kwa muda wa robo saa hivi uwanja wetu, uliokuwa mwekundu, ukawa mweupe. Migomba ya jirani ikachanwa majani yake yakabaki nyuzi, na maharage yake, yaliyokuwa yameanza kutoa maua, yakalazwa chini.

Mvua ilipopungua watoto wakakimbilia mlangoni, wakaokota mawe yale na kuyatia kinywani, huku wakicheka. Mmoja akaniuliza, «Mwalimu, barafu imetoka wapi nasi tuna joto?» Nikapasua punje moja kubwa, nikamwonyesha duara ndani ya duara, kama kitunguu. Hewa ya moto hupanda kwa nguvu ndani ya wingu, ikibeba matone ya maji mpaka mahali penye baridi kali sana. Huko tone huganda, na maji mengine hugandamana nalo, ganda juu ya ganda, mpaka uzito wake uushinde upepo unaolishikilia, ndipo linapoanguka. Katika nchi za chini zenye joto, mengi huyeyuka njiani. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, basi njia ya kuanguka ni fupi na mawe hutufikia yangali mawe.

Nilifurahi kwa somo lile. Jua likatoka. Nikasema moyoni, hatari imepita, nikawaruhusu watoto waende kwao. Hilo ndilo kosa langu.

Chini ya shule barabara inakatiza korongo, na maji ya korongo hupita chini yake katika tundu la saruji. Karibu na hapo mama mmoja huuza makaa. Watoto wa kwanza walipofika, korongo lilikuwa na maji kidogo tu, nao wakalichezea. Mama yule hakuwatazama wao. Alitazama juu ya kilima. Akapiga kelele, «Mwalimu, zuia watoto! Maji yangali huko juu!» Nami, kwa aibu nasema, nilidhani anaogopa bure.

Ndipo tukasikia mngurumo. Maji yalishuka meusi, yenye povu, yamebeba matope, chupa, vijiti na barafu. Yalipolikuta tundu la saruji limezibwa, yakapanda juu ya barabara mara moja. Mvulana wa miaka minane alikuwa katikati. Yakampiga magotini, akaanguka. Mama yule alikuwa ameingia tayari, akamshika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika mti wa uzio. Nikamfuata, tukamvuta wote wawili. Mvulana alipoteza mkoba na kiatu kimoja. Yule mama akapoteza magunia mawili ya makaa, yaani biashara yake yote ya juma lile.

Baadaye nikapanda kutazama kilichotokea. Mawe ya barafu na majani yaliyochanwa yalikuwa yameikusanya takataka yetu katika mfereji wa juu, yakaufunga kama boma. Nyuma ya boma maji yaliongezeka, mpaka likapasuka. Na maji hayo ni mengi kuliko tunavyodhani. Mvua ya milimita 30 juu ya bati la mita za mraba 40 ni lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20. Hesabu basi mabati ya kilima kizima, pasipo mti wa kuyapunguzia maji mwendo. Yote hushuka katika mto Kawa, nao huyatia ziwani pamoja na chupa zetu. Na chupa hizo hulifuata hata bwawa la umeme la Ruzizi na kuziba mitambo yake.

Sisi tulipoteza makaa na kiatu. Wengine walipoteza zaidi. Huko Uvira, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukaua watu makumi. Katika Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe ya milimani yaliangukia Bushushu na Nyamukubi; zaidi ya watu 400 walikufa. Pote pale maji yalitoka juu, kwa ghafula.

Mawe ya mvua hatuwezi kuyazuia. Lakini mfereji twaweza kuuzibua kabla ya mvua za Septemba, na chupa twaweza kutoitupa humo. Tena twaweza kungoja. Mvua ikikoma mlangoni pako, haijakoma kushuka kilimani.

Wazazi tulichangishana, tukamrudishia mama yule magunia yake. Siku hizi mvua kubwa ikiisha, nawaacha watoto darasani, nashuka peke yangu mpaka korongoni kusikiliza. Yeye huniona, huinua kichwa kuelekea kilimani, nami nangoja mpaka aniambie, «Sasa, Mwalimu, walete.»