Marashi ya matunda na maua katika vumbi la Kakanda



Juma lililopita tulikuwa Kakanda, sisi wanne, kwa kuwatembelea wenzetu wa huko. Tulitoka Likasi asubuhi, tumebanana ndani ya basi ndogo. Ni mwezi wa tisa. Mvua haijafika, majani ya pembeni ya njia yamekuwa mekundu kwa vumbi, na malori ya madini yanapita bila kupumzika. Kakanda ni nchi ya shaba na kobalti. Tangu zamani za Gécamines watu wa huko wanakula kwa jiwe. Harufu yake ni ya vumbi, makala na mafuta ya magari.

Mmoja wetu alikuwa na chupa ya marashi, zawadi ya dada yake wa Lubumbashi. Kabla ya kupanda basi alitupulizia wote, kwenye shingo na kwenye bikwembe. Kwanza ilinukia kama pera lililoiva na ganda la chungwa. Baada ya nusu saa tunda likaondoka, ua likabaki. Tulijiona tumependeza sana.

Lakini nyuma yetu alikaa mama na mtoto wake mdogo. Mtoto akaanza kukohoa. Mama akasema kwa upole: "Dada zangu, huyu ana pumu. Mfungue dirisha." Tulifungua, vumbi likaingia. Tukafunga, marashi yakabaki. Mtoto akakohoa kwa vyote viwili. Tulikasirika kidogo, kisha tukaona haya. Tulilowanisha kitambaa kwa maji ya kunywa, tukajifuta shingo, tukabadilishana viti tukae mbali naye. Alipotulia ndipo na sisi tulipumua.

Kakanda tulipokelewa katika lopango la mama mmoja mjane. Kazi yake ni kuosha mawe mtoni pamoja na wamama wengine. Tuliponyosha mkono kumsalimia, alirudisha wake nyuma: "Mikono yangu inanuka jiwe." Tulimshika hivyo hivyo. Baada ya bukari na sombe, mwenye chupa akamwomba ruhusa, akampulizia mara moja tu kwenye kiganja. Akanusa muda mrefu. Akasema inamkumbusha masuku tuliyookota porini wakati wa mvua, tulipokuwa watoto.

Kisha akatuambia lililo moyoni. Tangu mume wake afe, karibu miaka mitatu, hajajipaka kitu cha kunukia. Siku moja alijipaka mafuta mazuri kwenda kusali, na jirani mmoja akasema anatafuta bwana. Hakujibu. Alirudi nyumbani akampa binti yake mafuta yale yote.

Wamama, tuseme ukweli: maneno kama hayo yanatoka vinywani mwetu wenyewe. Mwanaume akijipuliza, tunasema ni msafi. Mjane akijipuliza, tunahesabu ni nani aliyepita mbele ya lopango lake. Matanga yana siku zake, na tunayaheshimu. Lakini matanga yakiisha, mwili wa mama unabaki wake, na harufu nzuri haimwibii mtu kitu. Tuliomba tumwachie chupa. Alikataa kuichukua yote. Tukammiminia kidogo katika kichupa cha dawa kilichooshwa vizuri.

Njiani kurudi tulizungumza mengi juu ya marashi, na haya tunawagawia.

Tunda lenyewe halimo ndani ya chupa. Pera na embe hazitoi mafuta ya kunukia. Wenye ujuzi wa kemia wanatengeneza harufu inayofanana nazo. Ganda la chungwa na la limau ndilo linatoa mafuta ya kweli. Maua nayo mengine yanatoa, kama langilangi linalolimwa sana Komoro. Harufu ya matunda ni nyepesi, inaruka haraka; ya maua inakawia; ya miti na vanila inabaki mwisho. Kwa hiyo ukinunua sokoni, usiamue kwa mnuso wa kwanza. Jipake kwenye kiganja, zunguka soko, rudi baada ya nusu saa.

Wakati huu wa ukavu, ngozi kavu haishiki harufu. Jipake mafuta yasiyonukia kwanza, kisha marashi kidogo. Usipulize ngozi itakayopigwa na jua, maana marashi mengine yanaacha madoa. Chupa ikae kivulini, mbali na jiko na mbali na watoto. Ndani mna alkoli, inashika moto na ni sumu ikinywewa. Mama anayenyonyesha asipake kifuani: mtoto mchanga anamjua mama yake kwa harufu ya mwili. Na katika basi, darasani au hospitali, fikiria mwenye pumu.

Wala feza ya masomo ya watoto isigeuke chupa. Wawili au watatu mnaweza kununua moja kwa likelemba na kugawana.

Juzi tulipata habari toka Kakanda. Yule mama alienda kusali Jumapili, amejipuliza mara moja. Jirani alimwuliza amenunua wapi. Safari hii alijibu: "Wenzangu wa Likasi walinipa."

Tuonane kwenye mkutano, Mungu akipenda.